Taa ya tairi inazimwa, inarudi: ninunue sensa nne?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Moshi, na karibu kila mwisho wa wiki naenda Arusha. Gari langu ni Mazda CX-5 ya mwaka 2015, liliagizwa kutoka Uingereza. Tangu mwezi uliopita kuna taa ya njano kwenye dashibodi, imekaa kama sufuria yenye alama ya mshangao ndani. Fundi wa jirani alibonyeza kitufe karibu na usukani, ikazimika. Siku nne baadaye ikawaka, akabonyeza tena. Sasa inarudi kila wiki. Fundi mwingine kaniambia sensa za ndani ya matairi zimekufa betri, ninunue nne, laki sita pamoja na kufunga. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa 230. Nifanyeje?"

Marahaba, mwalimu. Hiyo laki sita usiitoe. Matairi yako hayana sensa ndani, sasa utabadilishiwa nini? CX-5 za toleo lile la kwanza zilizouzwa Ulaya hupima matairi kwa njia nyingine kabisa, nitakueleza. Mimi hapo naona mambo mawili. Kuna tairi moja linalopoteza upepo kidogo kidogo. Halafu kuna fundi ambaye kila wiki anaiambia kompyuta ya gari kwamba upungufu huo ndiyo hali ya kawaida. Hili la pili linanitisha kuliko la kwanza.

Tuanze na taa yenyewe. Hiyo sufuria ni tairi lililokatwa ukalitazama kwa mbele, na vile vimeno vya chini ni kashata za tairi, yaani ile sehemu yenye mitaro inayokanyaga barabara. Ina namna mbili za kuwaka, na mafundi wengi hawazitofautishi. Ikiwaka na kutulia, maana yake upepo umepungua. Ikimemeta kwa dakika moja hivi, au moja na nusu, kisha ikatulia, na ikafanya hivyo kila unapowasha gari, basi mfumo wenyewe una hitilafu. Huyo aliyekuambia sensa zimekufa, muulize kama aliiona ikimemeta. Wewe umeandika "inawaka", hukutaja kumemeta, kwa hiyo naichukua kuwa ni ile ya kutulia. Hakikisha asubuhi moja: kanyaga breki, washa gari, usiondoke, itazame mpaka dakika mbili zipite.

Sasa gari linajuaje upepo umepungua bila sensa ndani ya tairi? Kwenye kila gurudumu kuna kifaa cha breki za ABS kinachohesabu mizunguko. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia gurudumu lisigande unapofunga breki kwa nguvu, lakini waliotengeneza gari wakaona hesabu ile inafaa kwa kazi nyingine pia. Tairi lenye upepo mdogo hukaa chini, linakuwa fupi kidogo, na gurudumu fupi lazima lizunguke mara nyingi zaidi ili kwenda mwendo uleule. Chukua safari yako ya Moshi kwenda Arusha, kilomita kama 80. Tairi la CX-5 lenye rimu ya inchi 17 huzunguka zaidi ya mara 35,000 katika safari hiyo. Tuseme tairi moja limefupika kwa nusu ya asilimia moja tu, kitu ambacho jicho lako haliwezi kukiona hata ukilichuchumalia. Litazunguka mara 175 hivi zaidi ya wenzake. Kompyuta inaona tofauti hiyo na kuwasha taa.

Kwa hiyo gari lako halijui upepo ni PSI 33 au 26 (PSI ni kile kipimo cha upepo kwenye geji). Linachojua ni uwiano wa magurudumu manne, na huo uwiano kuna mtu lazima aufundishe. Hiyo ndiyo kazi ya kile kitufe. Ukikibonyeza unakuwa umeiambia kompyuta: "Haya matairi yalivyo sasa hivi ndivyo yanavyotakiwa kuwa, yakumbuke hivi." Taa inazimika kwa sababu kompyuta imefuta kumbukumbu ya zamani na kuanza kujifunza upya. Lile tundu kwenye tairi liko palepale.

Tufanye hesabu ya kilichotokea kwako. Kibandiko kinasema 230, hizo ni kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha upepo), sawa na PSI 33 na nukta kidogo. Sheria ya Ulaya inadai taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 20, yaani karibu na 26. Ikawaka, vizuri, imefanya kazi yake. Fundi hakupima wala hakujaza, akabonyeza. Kuanzia hapo kompyuta inaamini tairi lile la 26 ni zima. Onyo linalofuata litakuja likishuka tena kwa asilimia 20 ya hiyo 26, unafika 21. Akibonyeza tena kwenye 21, onyo la tatu linakuja kwenye 17. Tairi lenye 17, gari limebeba watu watano na mizigo ya wiki, mwendo wa 80 jua la saa nane: kuta zake zinajikunja na kujikunjua kila mzunguko, zinapata joto, nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Halitoi pancha ya kistaarabu hilo. Linapasuka.

Kama kuna mtu alikuwa anajaza upepo kabla ya kubonyeza, basi hesabu hii inalegea kidogo, lakini hukuandika hivyo. Na hata kama alijaza, kurudi kwa taa kila baada ya siku chache ni ushahidi tosha kwamba tairi moja linavuja.

Nenda kanunue geji yako mwenyewe. Nakuomba, mwalimu, usitegemee ile ya kwenye mpira wa kompresa. Nimeziona nyingi zimeangushwa kwenye sakafu ya zege mpaka kioo kimepasuka, na bado zinasoma kitu na watu wanaamini. Ndogo ya mkononi, ya mshale au ya namba, inatosha, na ikae kwenye gari. Ipime mara moja dhidi ya geji ya rafiki yako. Zikitofautiana kwa moja, hakuna neno. Zikitofautiana kwa tano, mmoja wenu ana takataka.

Kisha pima asubuhi, gari likiwa limelala. Kitabu husema tairi liwe limekaa saa tatu au zaidi, au gari liwe halijaenda zaidi ya kilomita moja na nusu hivi. Sababu ni kwamba upepo huvimba kwa joto, karibu PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Ukipima ukifika Arusha unaweza kukuta 37 kwenye tairi uliloliacha Moshi na 33. Hapo watu wengi hufanya kosa la pili: wanatoa upepo ili irudi 33. Lisubiri lipoe, utakuta 29. Namba ya kibandiko ni ya tairi la baridi, iache ya moto ijitawale.

Hicho kibandiko chako pia kisome mpaka mwisho. Kwa kawaida kina mistari miwili, mmoja wa gari lenye watu wachache na mwingine wa gari lililojaa watu na mizigo, na namba za nyuma kwenye mstari wa pili huwa kubwa zaidi. Kina saizi ya tairi pia. Kama gari lilikuja na rimu za inchi 17 na mtu akakufungia za 19, fuata mstari wa 19. Ile namba kubwa iliyochongwa kwenye ubavu wa tairi, mara 44, mara 51, ni kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kuhimili, siyo kiwango cha gari lako. Na huyu kijana wa kujaza upepo anayeuliza "thelathini na tano, sivyo?" huku ameshaanza kujaza, mwambie kwa upole namba unayotaka wewe.

Ziandike zile namba nne kwenye karatasi. Mimi naweka dau kwamba utakuta kama 33, 32, 33, na moja ya 24 au 25. Hiyo ya mwisho ndiyo yetu.

Kulitafuta tundu hakuhitaji mashine. Jaza tairi hilo mpaka 36 hivi ili lisukume kwa nguvu, koroga sabuni ya unga kwenye kopo na maji kidogo mpaka iwe na povu zito, uchukue brashi ya rangi iliyochakaa. Anza na valvu, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo inayosahaulika. Toa kifuniko, dondosha povu mdomoni mwake, subiri. Usitegemee kuona maji yakichemka. Uvujaji wa wiki nzima hutoa kipovu kimoja kidogo kama kichwa cha kiberiti, kinakua taratibu, kinapasuka, kingine kinaanza. Inabidi uwe na subira ya kumtazama mtoto akifunga kamba za viatu. Kikitokea mdomoni, kile kipini cha ndani ya valvu kimelegea au kimechoka, kinakazwa au kubadilishwa kwa hela ya soda. Ipinde valvu yenyewe kidogo kwa kidole: povu likitokea kwenye shina, mpira umepasuka kwa uzee, na gari la 2015 ambalo halijawahi kubadilishwa valvu limeshafika umri huo.

Valvu ikiwa safi, paka povu mzunguko mzima pale tairi linapokutana na rimu, nje, kisha ndani. Magari ya Uingereza yana ugonjwa wake hapa. Kule majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi ile hula alumini ya rimu. Ukiitazama rimu utaona rangi imevimba na unga mweupe chini yake. Tairi haliwezi kukaa vizuri juu ya unga huo. Dawa ni kulibandua, kusugua rimu mpaka ing'ae, na kulirudisha. Fundi wa pancha anayejali ataifanya kwa nusu saa.

La mwisho ni kashata zenyewe: msumari, parafujo, kipande cha waya. Ukikikuta, usiking'oe hapo nyumbani halafu ukaanza kumtafuta fundi. Kiache kinazibia, nenda nacho. Tundu la kwenye kashata linazibika. La ubavuni halizibwi, hata kama atakuapia, tairi hilo limekwisha. Na usikubali zile dawa za maji zinazomiminwa kwenye valvu kama tiba ya kudumu. Ni za kukufikisha mahali, zikikaa zinafanya uji ndani na gurudumu linaanza kutikisika.

Likishazibwa, ndipo kitufe kinapata heshima yake. Asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, jaza yote manne kufuata kibandiko. Gari limesimama, breki ya mkono imevutwa, washa swichi. Kama lako ni la kubonyeza, bonyeza bila kukanyaga breki mpaka dashibodi iwake yote. Tafuta swichi yenye ule mchoro wa sufuria na neno SET, ipo kwenye kundi la swichi za upande wa goti lako la kulia, karibu na ile ya kuzima mfumo wa kuzuia kuteleza. Ibonyeze na uishikilie. Usiachie mpaka taa imemete mara mbili na usikie mlio mmoja. Wengi hugusa tu kama wanabonyeza kengele ya mlango, gari halichukui. Baada ya hapo liendeshe kawaida, maana kujifunza kwenyewe kunafanyika barabarani, magurudumu yakizunguka. Safari yako moja ya Arusha inatosha na kubaki.

Utalazimika kurudia zoezi hili kila ukibadilisha tairi, ukihamisha ya mbele nyuma, au ukibadili kiwango cha upepo kwa ajili ya mzigo. Na ujue udhaifu wake. Mfumo wa kulinganisha unalinganisha, kwa hiyo matairi yote manne yakipungua pamoja, kama yanavyopungua yenyewe mwezi hadi mwezi, unaweza usione kitu au uchelewe kuona. Ukinunua tairi moja jipya ukalichanganya na matatu yaliyolika, jipya ni refu kuliko wenzake na kompyuta inaweza kulalamika. Ukifunga lile tairi jembamba la akiba, itawaka, na ina haki. Barabara ya vumbi au tope, ambako magurudumu yanateleza, nayo huichanganya. Kwa hiyo geji mara moja kwa mwezi, taa iwe imewaka au haijawaka.

Ningeweza kuishia hapo kwa ajili yako, lakini najua huyo fundi wa sensa hakuzitoa hewani. Aliona gari jingine. Magari yenye sensa kweli yapo mengi, na baadhi ya wasomaji wanayo, kwa hiyo niseme kidogo.

Mambo haya yalianzia Marekani. Mwaka 2000 Firestone waliita warudishiwe matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kuchomoka mwendoni na magari kupinduka, watu wengi wakafa. Bunge lao likapitisha sheria mwaka huohuo, na kufikia magari ya mwaka 2008 kila gari dogo jipya kule lilitakiwa liwe na onyo la upepo. Ulaya wakafuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria lililouzwa huko lina mfumo huu. Magari mengi ya soko la ndani la Japani hayana kabisa. Ndiyo maana jirani yako mwenye Harrier au IST hajawahi kuiona hiyo sufuria, akaona gari lako ndilo lenye mikosi.

Kwenye mfumo wa sensa, kila gurudumu lina kidude kama kiberiti kilichofungwa nyuma ya valvu, ndani ya tairi. Kinapima upepo na joto, kinatuma kwa redio. Betri yake imezibwa ndani, haibadilishwi, ikiisha unanunua kidude kizima. Huishi miaka mitano hadi kumi. Sasa tazama: Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane, na kwetu Tanzania yanaingia hata ya zaidi ya hapo. Yaani gari linashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam sensa zikiwa zinakata roho. Hapo ndipo ile taa ya kumemeta inapoonekana, na hapo ndipo "sensa zimekufa" inakuwa kweli.

Dalili ya gari la namna hii ni dashibodi inayokuonyesha upepo wa kila tairi kwa namba. Usiitegemee valvu peke yake. Valvu ya chuma yenye nati huashiria sensa, lakini zipo sensa zenye valvu ya mpira pia. Mtu mwenye kifaa cha kuamsha sensa anakisogeza karibu na kila tairi, na kila sensa nzima inajibu kwa namba yake, upepo na hali ya betri. Kabla hujanunua hata moja, dai kipimo hicho. Mara nyingi imekufa moja, siyo nne.

Na masafa ya redio, jamani. Za Marekani na Japani kwa kawaida ni megahezi 315, za Ulaya ni 433. Alinijia kijana mmoja na Nissan Qashqai ya Uingereza, ameshafunga sensa nne mpya, zinang'aa, taa inamemeta vilevile. Alikuwa amerudi dukani, wakambadilishia nyingine nne za aina ileile, matairi yakabanduliwa mara ya pili. Nilipozipima zote zilikuwa zinaongea vizuri kabisa, kwa 315. Gari linasikiliza 433. Ni kama kumsubiri mtu redioni stesheni ambayo hayupo. Tukabandua mara ya tatu. Rimu moja ilitoka na kovu la leva ambalo mpaka leo sipendi kulitazama.

Sensa mpya pia lazima zitambulishwe kwa kompyuta. Kuna magari yanayojitambulishia yenyewe baada ya mwendo kidogo, na kuna yanayotaka kuchomekewa mashine na kuandikiwa namba za sensa, Toyota nyingi zikiwemo. Kitufe cha SET cha Toyota, ambacho mara nyingi kimejificha chini ya usukani, hakiandiki namba hizo. Chenyewe kinaweka kiwango tu: unakishikilia mpaka taa imemete polepole mara tatu. Kwenye Volkswagen kama Golf ya toleo la saba, ambayo ni ya ABS kama yako, unaingia kwenye skrini, sehemu ya gari, matairi, unagusa SET. Honda nyingi za ABS zinamemeta mara mbili, kisha zinataka kama nusu saa ya mwendo wa barabara kuu ndiyo zimalize kujifunza. Baadhi ya Nissan zenye sensa zina ustaarabu ninaoupenda: ukijaza upepo swichi ikiwa imewashwa, taa za hatari zinamemeta, na ukifika kiwango honi inakupigia. Kuna wateja wangu wanaruka kila mara.

Mwenye Land Cruiser kubwa au Lexus kubwa akiona taa inawaka na matairi manne yako sawa, achuchumae atazame la akiba. Baadhi zina sensa ya tano huko, na hakuna anayekumbuka kulijaza.

Wenye sensa wakienda kwa fundi wa pancha waseme kabla hajashika leva: "Hapa kwenye valvu kuna kidude." Tairi linabanduliwa kuanzia upande wa pili wa valvu. Leva moja ikiingia pale vibaya, kidude kimevunjika, na fundi hatakuambia kwa sababu hata yeye hajui alichovunja. Wa Tanga, Mombasa na Zanzibar wawe waangalifu na vifuniko vya valvu: vya chuma vikikutana na valvu ya alumini kwenye hewa ya chumvi vinashikana, na siku ya kukifungua kinatoka na valvu nzima. Plastiki nyeusi ya shilingi chache ndiyo sahihi.

Jambo jingine kwa yeyote anayenunua gari mkononi mwa mtu. Ukiwasha swichi, sufuria ile lazima iwake sekunde chache pamoja na taa nyingine, kisha izimike. Ni gari kujipima. Kama gari linatakiwa kuwa nayo na haiwaki hata kidogo, kuna mtu kaiziba. Nimewahi kufungua dashibodi nikakuta kipande cha utepe mweusi wa umeme kimekatwa vizuri kabisa kwa saizi ya ile taa. Na kama muuzaji amebonyeza SET asubuhi ya siku uliyokuja, taa itakuwa imezima na matairi yanaweza kuwa na chochote. Geji yako mfukoni ndiyo itakayosema.

Kwako, mwalimu: kesho asubuhi pima kabla hujaondoka, usijaze, andika. Kesho kutwa pima tena saa ileile. Niandikie namba zote nane, na uniambie rimu ya tairi linaloshuka ina ule unga mweupe au haina. Arusha wiki hii nenda kwa basi.